Sabufa kimya baada ya kubadilisha kioo: kabla mazabodi haijang'olewa, tafuta sauti imeelekea wapi

SWALI

Shikamoo fundi. Nina duka dogo huku Mikindani, natoa kopi, naprinti na kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, ina Windows 10, na sabufa ya kuchomeka. Ijumaa nilinunua kioo kikubwa zaidi. Cha zamani kilikuwa na ule waya wa pini nyingi wenye skrubu mbili pembeni, hiki kipya kinatumia HDMI. Jioni ile ile umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kesho yake nawasha, picha safi kabisa, sauti hakuna. Alama ya spika kule chini haina msalaba mwekundu, na nikifungua sehemu ya sauti naona mstari wa kijani unapanda na kushuka nyimbo ikicheza. Sabufa taa inawaka. Fundi wa hapa anasema saundi kadi imeungua na umeme, kwa hiyo apige Windows mpya, na ikishindikana abadilishe mazabodi. Nyimbo zangu zote ziko kwenye C. Nifanyeje?

Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usumbufu. Kabla ya yote mwambie fundi wako asubiri. Asipige Windows, asiguse mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta. Kwa maelezo uliyotoa siamini kama kuna kitu kilichoungua, na huenda sabufa ikaimba leo hii bila wewe kutoa hata shilingi.

Hebu yatazame hayo matibabu mawili uliyoandikiwa. Kama saundi kadi imeungua kweli, Windows mpya itaifufuaje? Na kama Windows ndiyo iliyovurugika, mazabodi imekosa nini hadi ing'olewe? Mtu anayetaja dawa zote mbili kwa mkupuo hajapima. Anabahatisha, tena kwa pesa yako na kwa nyimbo zako, maana Windows ikipigwa upya kwa namna mafundi wetu wengi wanavyoipiga, C inasafishwa yote. Hata hili la sauti likiisha leo, tafuta nafasi wiki hii uzihamishe nyimbo hizo kwenye diski ya nje. Kuzipeleka D kunasaidia siku ya kupiga Windows tu. Mara nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa, na ikifa zinakufa zote.

Sasa turudi kwenye barua yako, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe.

Umesema alama ya spika haina msalaba mwekundu. Maana yake Windows inaona kuna kifaa cha kutolea sauti, na draiva yake, yaani programu ndogo ya kukiendesha, ipo. Umesema tena mstari wa kijani unapanda na kushuka. Huo mstari haudanganyi: unaonyesha kwamba programu inacheza wimbo, Windows imeupokea, na kuna mahali inaupeleka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: hiyo sauti inapelekwa wapi? Na hapo ndipo kioo chako kipya kinapoingia.

Ule waya wako wa zamani wenye skrubu mbili unaitwa VGA. Ulitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987 na hubeba picha peke yake. HDMI, ambayo viwango vyake vya kwanza vilitolewa Desemba 2002, hubeba picha na sauti ndani ya waya mmoja, kwa kuwa ilikusudiwa runinga. Kompyuta ikichomekwa HDMI, Windows inaona mambo mawili mapya: kioo kipya, na sehemu mpya ya kutolea sauti yenye jina la hicho kioo. Mara nyingi, bila kukuuliza, inaamua kwamba kuanzia sasa sauti zote ziende huko. Kioo chenyewe huenda hakina spika ndani, au kinazo na zimefungwa. Matokeo yake ni haya uliyoyaona. Ni sawa na basi kutoka Dar es Salaam lililofika pale njia panda ya Mnazi Mmoja likakata kulia kwenda Masasi, wakati abiria wake wanasubiriwa stendi ya Mtwara. Basi ni zima na linatembea, ila haliji kwako.

Umeme kukatika jioni ile ile ni bahati mbaya tu, ukabebeshwa lawama. Sisemi umeme hauharibu vitu. Unaharibu, na nitafika huko. Ila ungesikiliza wimbo mmoja mchana ule, baada tu ya kuchomeka kioo na kabla ya umeme kukatika, nadhani ungekuta kimya kimeshaanza.

Fanya hivi. Cheza wimbo wowote uuache uendelee. Bofya mara moja ile alama ya spika iliyo chini kulia, karibu na saa. Utaona mstari wa kuongeza na kupunguza sauti, na juu yake pameandikwa jina la kifaa. Nina hakika utakuta jina la kampuni ya kioo chako au namba zake. Pembeni ya jina hilo kuna kishale kidogo kinachotazama juu. Kibofye, orodha itafunguka, uchague palipoandikwa "Speakers", ambapo kwa kawaida huambatana na neno Realtek, ambalo ni jina la kampuni ya chipu za sauti, au "High Definition Audio". Subiri sekunde moja mbili. Wenye Windows 11 watakuta orodha hiyo hiyo wakibofya alama ya spika kisha kitufe kilicho pembeni ya mstari wa sauti.

Ikiimba, usiondoke bado. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kiboksi kitatokea, andika mmsys.cpl kisha bonyeza Enter. Hili dirisha ni la zamani, limekuwepo tangu enzi na enzi, na mimi nalipenda kuliko yale mapya kwa sababu linaonyesha milango yote ya sauti kwa pamoja, kila mmoja na mstari wake wa kijani. Kwenye ukurasa wa "Playback" litafute jina la kioo, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Disable". Kisha bofya "Speakers" vivyo hivyo, uchague "Set as Default Device". Usipofanya hivyo, siku nyingine umeme utakatika, kioo kitajitambulisha upya, na sauti itahama tena wakati mteja amesimama mbele yako na flashi mkononi.

Kama hapo kwenye orodha "Speakers" haipo kabisa, bofya kwa kulia penye nafasi tupu ndani ya dirisha hilo na uweke tiki kwenye "Show Disabled Devices". Mara nyingi iko pale, imefifia, mtu aliizima bila kujua. Iwashe kwa "Enable".

Kuna njia nyingine ya mkato. Angalia nyuma ya kioo chako kipya au chini yake kama kuna tundu dogo la duara la hedifoni. Vioo vingi vya HDMI vinalo. Kama lipo, unaweza kuiacha sauti iende huko huko kwenye kioo, halafu ukachomeka sabufa kwenye tundu hilo. Inafanya kazi vizuri. Kasoro yake ni kwamba kioo nacho kina sauti yake ndani ya menyu zake, ikiwa chini utaanza tena kuhangaika. Mimi ningechagua kurudi kwenye tundu la kompyuta.

Halafu kuna programu zenye kichwa chao. VLC, ile programu ya kuchezea nyimbo na video, inaweza kushikilia kifaa ilichopewa zamani hata kama umebadilisha kwenye Windows. Ingia kwenye menyu yake ya "Audio" uangalie kifaa. Virtual DJ nayo ina mahali pake pa kuchagulia saundi kadi. Ukiona video ya intaneti inasikika lakini VLC kimya, usiguse Windows tena, shughulika na VLC.

Sasa tuseme umefanya yote haya, mstari wa kijani unacheza kwenye "Speakers" penyewe, na sabufa bado imenyamaza. Hapo tunaiacha kompyuta na kuanza upande wa pili, kwenye sabufa, tukirudi nyuma hatua kwa hatua. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaanza na mashine kwa kuwa ndiyo wanayoiogopa, kumbe sabufa ya bei ya soko ndiyo hufa kwanza.

Chomoa ile pini ya sabufa kutoka kwenye kompyuta, uichomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni, ucheze wimbo. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na kinagawa tatizo lote katikati. Simu ikisikika kwenye sabufa, basi sabufa na waya wake ni wazima, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Simu isiposikika, kompyuta haina kesi bado, na anayetaka kubadilisha mazabodi anataka kukuibia tu au hajui.

Kabla hujaihukumu sabufa, tazama imesimama kwenye nini. Sabufa zetu hizi za siku hizi zina redio, zina tundu la flashi, zina Bluetooth, na zina AUX ambayo ndiyo njia ya waya unaotoka kwenye kompyuta. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi hazikumbuki zilikuwa wapi. Zinaamka kwenye Bluetooth au redio. Taa inawaka, kila kitu kinaonekana kizima, lakini haisikilizi waya wako. Bonyeza kitufe cha kubadilishia, wengine hukiita "Mode" au "Input", mpaka uone AUX. Rimoti ikiwa imepotea, kitufe kipo kwenye sabufa yenyewe. Kama kuna kitu umeme wa Ijumaa ulichokufanyia, mimi naweka dau hapa kabla ya kuhangaika na chipu za ndani. Inawezekana kabisa una matatizo mawili yaliyokutana siku moja: kioo kimeiba sauti, na sabufa imehama njia. Ndiyo maana ukirekebisha moja peke yake huoni mabadiliko, unakata tamaa.

Kama huna simu yenye tundu, kuna kipimo cha mafundi wa redio wa zamani. Washa sabufa, iweke AUX, punguza sauti iwe chini, chomoa ule waya kwenye kompyuta, kisha gusa ncha ya pini kwa kidole. Sabufa isiyo na ubovu itatoa mngurumo. Ikikaa kimya kabisa, waya umekatika ndani au sabufa imekufa. Lakini kama sabufa yako ni ya zile zinazopiga shoti ukigusa bati la nyuma, usijaribu. Hiyo ina tatizo kubwa zaidi la kupeleka kwa fundi kwanza.

Sabufa isiyo na hata taa huwa imekatika fyuzi. Nyingine ina kikofia cha kufungulia nyuma, nyingine fyuzi iko ndani. Weka yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake. Usifunge uzi wa waya wala karatasi ya sigara. Nyumba zimeungua kwa ujanja huo.

Sasa nyuma ya kompyuta. Ulipobadilisha kioo lazima ulivuta boksi, ukainama gizani, ukarudisha nyaya kwa kupapasa. Matundu ya sauti yana rangi. Rangi hizo zilipangwa kwenye mwongozo wa Microsoft na Intel ulioitwa PC 99, na mpaka leo watengenezaji wengi wanazifuata: kijani ni sauti inayotoka, waridi ni maikrofoni, buluu ya mpauko ni sauti inayoingia kutoka kifaa kingine. Mashine zenye matundu sita huongeza rangi ya chungwa, nyeusi na kijivu kwa ajili ya spika nyingi za sinema, achana nazo. Sabufa yako ikae kwenye kijani. Mashine za maofisini, ambazo ndizo hujaa kwenye mitumba, wakati mwingine hazina rangi bali vichoro vidogo: chenye hedifoni au mshale unaotoka nje ndicho chako.

Jaribu pia tundu la mbele. Likisikika la mbele na la nyuma kimya, au kinyume chake, umeshapunguza mtafutano. Kuna hitilafu moja inayosumbua hapa watu wasiielewe. Ndani ya tundu la mbele kuna swichi ndogo inayoiambia kompyuta kwamba hedifoni zimechomekwa. Swichi hiyo ikikwama kwa kutu au vumbi, kompyuta inaamini kuna hedifoni muda wote, na mashine nyingi zikiamini hivyo zinazima spika za nyuma. Chomeka pini tundu la mbele na kuchomoa mara kadhaa. Mara nyingi inaachia. Na kama la mbele ndilo lisilosikika kamwe, huenda ule waya wake mdogo unaokwenda kwenye mazabodi uliachwa bila kuchomekwa na aliyefungua mashine kabla yako.

Kutu hiyo niizungumzie kidogo, kwa sababu wewe uko Mikindani, na kama duka linatazama ghuba basi unaishi na chumvi. Kusi ikivuma, kile kinachokupaka ute kwenye vioo vya dirisha ndicho kinachoingia kwenye matundu ya kompyuta. Pini ya sabufa ni bati la bei rahisi lililopakwa rangi ya dhahabu. Chumvi na unyevu vinalila, linatoa ule ukungu wa kijani au weusi, na sauti inaanza kukatika, inatoka upande mmoja, mwishowe inapotea. Watu wa Nachingwea na Masasi hawalijui sana tatizo hili, wao wana vumbi jekundu. Dalili yake ni kwamba ukiizungusha pini ndani ya tundu unasikia mikwaruzo na sauti inarudi sekunde moja.

Dawa ni spiriti isiyo na mafuta, ile inayokauka yote bila kuacha utelezi. Zima mashine, chomoa umeme, lowesha kidogo kijiti cha pamba cha masikioni, kamua kisidondoke, pitisha kwenye pini mpaka pamba itoke safi. Kwa tundu, tumia kijiti chembamba kilichofungwa pamba kidogo sana, kisiache nyuzi ndani. Acha ikauke kabla ya kuwasha. Usitie manukato, na usitie mafuta ya nazi hata kama yalisaidia kwenye kufuli la mlango. Usiku, kama duka lina unyevu, funika boksi kwa kitambaa chepesi baada ya kuzima na kupoa. Nailoni haifai, inafungia unyevu ndani. Na ukifungua boksi siku moja, usishangae kukuta mjusi kafiri amekaukia juu ya mazabodi. Wanapenda joto la pale, na wakifa wanaunganisha vitu visivyotakiwa kuunganishwa.

Haya, umeme. Kama simu imesikika kwenye sabufa, tundu ni la kijani, na kompyuta bado haitoi, fanya jambo moja kabla ya kuingia kwenye mambo ya draiva. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa ukutani, chomoa na sabufa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 20 hivi. Hakuna kitakachowaka. Unamaliza chaji iliyobaki ndani. Kompyuta iliyozimwa kwa kitufe huku bado imechomekwa ukutani inaendelea kupitisha umeme kidogo kwenye mazabodi, na chipu ya sauti iliyochanganyikiwa na umeme wa kuruka inaweza kubaki imechanganyikiwa siku nzima. Ikikosa umeme kabisa inaanza upya.

Hao wenye msalaba mwekundu, ambao wewe si mmoja wao lakini najua wanasoma, waanzie kwenye huduma za Windows. Kitufe cha Windows na R, andika services.msc, utafute "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder", zote ziwe zinafanya kazi na zimewekwa "Automatic". Bofya kwa kulia, "Restart". Isiposaidia, ndipo draiva. Na hapa watu wanatumia bando bure kupakua makorokoro ya programu zinazodai kurekebisha draiva zote. Nyingi ni matangazo, na nyingine ni virusi. Windows ina draiva yake ya sauti ya jumla ndani yake tayari, haihitaji intaneti. Andika devmgmt.msc kwenye kile kiboksi, fungua "Sound, video and game controllers", bofya kwa kulia jina la Realtek, "Update driver", kisha "Browse my computer for drivers", kisha ile sentensi ndefu inayoanza na "Let me pick". Chagua "High Definition Audio Device", kubali onyo, zima na kuwasha. Utapoteza vikorombwezo vya Realtek kama vile kurekebisha besi, lakini sauti itatoka. Sehemu hiyo ikiwa haina kifaa cha sauti hata kimoja, ingia kwenye mipangilio ya awali ya mashine wakati inawaka, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, uangalie kama sauti ya mazabodi imezimwa. Kuna maofisi huizima makusudi kabla mashine hazijafika kwetu.

Kama kweli unataka kujua bila ubishi iwapo ni Windows au ni chuma, kuna hakimu mmoja ninayemwamini. Mwombe kijana mwenye bando akupakulie Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni karibu GB 3, aiweke kwenye flashi kwa programu inayoitwa Rufus. Flashi iwe tupu, kwa kuwa Rufus inafuta kila kilichomo. Washa kompyuta kwa flashi hiyo. Dell ubonyeze F12, HP ubonyeze F9, uchague flashi. Linux itawaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, ilimradi usibofye alama ya kuisakinisha iliyo pale kwenye skrini. Cheza wimbo, ukikumbuka kuchagua spika hata huko. Ukisikia sauti, saundi kadi yako ni nzima kama siku iliyotoka kiwandani, na aliyesema imeungua aje asikilize. Usiposikia, na simu ilisikika kwenye sabufa ile ile, hapo sasa nakubali chuma kina tatizo.

Na hata hapo mazabodi haitoki. Hicho tunachokiita saundi kadi kwenye mashine hizi si kadi, ni chipu ndogo iliyochomelewa kwenye mazabodi karibu na yale matundu. Ukiimulika tochi, ikiwa ni ya Realtek utaona wamechora kaa. Inawezekana kaa huyo akaonekana na Windows, mstari wa kijani ukacheza, na bado mlango wake wa kutolea sauti ukawa umekufa. Hutokea, ingawa ni nadra kuliko mafundi wanavyosema. Dawa yake ni kifaa kidogo cha USB chenye matundu mawili ya sauti, kinaonekana kama flashi. Bei yake ukiilinganisha na mazabodi ni ya kucheka. Unakichomeka, Windows inakitambua bila draiva, unakichagua kwenye ile orodha ya mwanzo, biashara inaendelea. Kijaribu pale pale dukani kwenye kompyuta ya muuzaji kabla hujalipa.

Kuhusu umeme wa kuja na kuondoka, nunua kile kifaa cha kuchelewesha umeme wanachouza kwa ajili ya friji na runinga, kinachokaa dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Kishindo cha kurudi ndicho kinachoua, na kinapita wakati kifaa bado kimefunga. Sabufa nayo ipitie hapo hapo. UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ni bora zaidi kwa kompyuta, lakini usichomeke sabufa kwenye UPS ndogo. Itakula betri kwa besi.

Ukifuata haya na bado kimya, niandikie tena, uniambie mambo matatu tu: majina yote yaliyo kwenye ukurasa wa "Playback", mstari wa kijani unacheza mbele ya jina lipi, na ulipochomeka simu kwenye sabufa ilisikika au haikusikika. Fundi wa hapo jirani usigombane naye, utamhitaji siku printa ikikwama karatasi. Mwite wakati unafanya kile kipimo cha simu, aone mwenyewe.